Mfumo umekataa: barua ya wazi kutoka Newala

Kwa Waheshimiwa: Waziri wa Kilimo, Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari, viongozi wa Bodi ya Korosho Tanzania, na Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa, shikamooni, na poleni na majukumu.

Nawaandikia mikorosho ikiwa inachipua. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde asubuhi zina ukungu, na kila mwenye shamba anapita akitazama ncha za matawi, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukiingia kwenye maua haungoji mtu ajipange. Ikifika Oktoba tutakuwa tunaokota. Tukishaokota tutaanza kusimama madirishani kufuatilia malipo yetu, na hayo madirisha ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha jambo kabla msimu haujafunguliwa.

Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta. Kwa misimu minne nilikuwa karani wa chama chetu cha msingi cha ushirika: nilipima, nikaandika, nikakata stakabadhi. Meza ya karani naijua na foleni ya mkulima naijua.

Nianze na mikono ya mama yangu, kwa sababu bila hiyo mikono barua hii haitaeleweka.

Mama amebangua korosho tangu hajaolewa. Ubanguaji wa nyumbani mnaujua: bati lililotobolewa linakaa juu ya mafiga, korosho zinakaangwa mpaka maganda yashike moto, zinamwagwa mchangani zizimike, kisha zinapasuliwa moja moja juu ya jiwe. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Mama hujipaka majivu viganjani kabla ya kuanza, lakini majivu hayazuii yote. Ngozi inababuka, inaota nyingine, nayo inababuka. Baada ya miaka arobaini ya kazi hiyo, ncha za vidole vyake ni laini kama kokoto ya mtoni. Ukizigusa husikii mstari wowote.

Ilipoagizwa kwamba laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, na siku ya mwisho ikawekwa 31 Desemba 2019 kisha ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, mama alikwenda kusajili mara tatu. Kijana aliyekuwa na mashine alimhurumia. Alimpa maji anawe, akamfuta kwa kitambaa, akakibonyeza kidole mpaka ukucha ukawa mweupe. Mashine haikusoma kitu. Mwishowe, ili mzee asikatiwe simu, laini yake ikasajiliwa kwa kitambulisho cha mpwa wangu. Siwezi kumlaumu kijana yule, wala mpwa wangu, wala mama. Kila mmoja alifanya aliloliweza siku ile. Ila tangu siku ile, kwenye kumbukumbu za nchi, namba ya simu ya mama yangu ni ya mtu mwingine.

Jambo la pili ni jina. Huku kwetu r na l zinapishana mdomoni. Mwandikishaji aliyekuja kuandika wakulima aliandika alichosikia, kwa hiyo daftari la wakulima lina l mahali ambapo kitambulisho kina r. Herufi moja tu. Pale kijijini hakuna mtu wa kuchanganyikiwa, kila mmoja anamjua ni mama wa nani na shamba lake linapakana na la nani.

Msimu wa 2024/25 mama alipeleka ghalani magunia manne, kilo 318, daraja la kwanza. Mnada ukafanyika, bei ikatangazwa, na mwanzoni mwa Desemba majirani wakaanza kupokea fedha benki. Mama hakupokea. Akaenda kuuliza. Kwenye dirisha la kwanza akaambiwa aende la pili, na la pili liko mjini, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima bila kula. Huko binti aliyekuwa zamu alitazama kompyuta yake akasema, kwa adabu kabisa:

"Bibi, mfumo umekataa."

Mama akauliza: "Nani kakataa, mjukuu wangu?"

"Mfumo, bibi."

"Basi mwambie mimi ni nani."

Nilikuwa nimesimama pembeni. Binti yule hakucheka, na mimi nilishindwa kumwangalia mama usoni. Alikuwa ameuliza swali la haki, na katika chumba kile chenye kompyuta nne hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kulijibu. Binti alimwona mama, aliona stakabadhi yake, aliona kitambulisho chake, aliamini kwamba ni yeye. Kuamini kwake hakukuwa na thamani. Hakuwa na kitufe cha kubonyeza wala fomu ya kujaza. Alichoweza ni kuandika jina kwenye karatasi na kusema litapelekwa juu.

Nimeifikiria sana hiyo sentensi, "mfumo umekataa". Zamani karani akikukatalia ulimjua kwa jina. Ungeweza kumwendea mwenyekiti wa chama, au kumfuata karani mwenyewe nyumbani jioni mkazungumza, au kusimama kwenye mkutano mkuu ukasema mbele ya watu kwamba fulani amenikatalia haki yangu. Sasa mkulima wa miaka sabini na kitu anaambiwa amekataliwa na kitu ambacho hakina nyumba wala jina la ukoo. Anayeisema sentensi hiyo naye anaona hana kosa, kwa sababu kweli si yeye aliyekataa. Hivyo kosa linakuwepo na mwenye kosa hayupo.

Mama alilipwa katikati ya Februari. Kati ya Desemba na Februari kulikuwa na Januari, shule zinafunguliwa, na wajukuu wawili aliokuwa akiwalea walihitaji madaftari na sare. Alikuwa na gunia moja na nusu la masalia lililobaki ndani. Akaliuza kwa kangomba, mnunuzi wa magendo, kwa nusu ya bei ya mnada.

Waheshimiwa, kila mwaka mnapiga vita kangomba, na mna haki. Anayenunua korosho kwa bakuli gizani anamwibia mkulima, na mimi nilipokuwa karani nililia juu ya jambo hilo mara nyingi. Lakini nawaomba mlitazame kwa macho ya mama siku ile. Kangomba anakuja mpaka mlangoni. Anamfahamu. Hamwambii kwamba jina lake lina herufi iliyokosewa. Fedha anayo mfukoni. Kila siku malipo yanapochelewa kwa sababu ya herufi moja, mnamtengenezea kangomba soko, na hakuna doria itakayolifunga soko hilo.

Nisieleweke vibaya, kwamba nataka turudi kwenye daftari na kalamu ya wino. Nimeishi zama hizo na sizitamani. Nilipoanza ukarani tulitumia mizani ya saa, na nilishuhudia kilo zikipotea kwenye kila gunia kwa kuegemeza goti tu. Ilipokuja mizani ya kidijitali inayotoa karatasi yenye kilo zilizopimwa, goti likakosa kazi. Minada nayo: miaka ya nyuma wanunuzi walitumbukiza zabuni kwenye sanduku, sisi tukakaa tukisubiri lifunguliwe, na maneno mengi yakipita kuhusu nani alijua nini kabla ya kufunguliwa. Tangu minada ilipohamia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wanashindana kwa mtandao, wakulima wanaona bei ya juu na bei ya chini palepale, na aliyeko Nachingwea anazijua dakika ileile na aliyeko Tandahimba. Hilo ni jema, na aliyelifanya nampongeza kwa moyo mweupe.

Tena karatasi pekee si dawa. Tunaukumbuka msimu wa 2018/19. Bei ilipogombaniwa na Rais Magufuli akatangaza mwezi Novemba 2018 kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba, wengi tulishangilia. Kisha ukaja uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alipaswa kuonyesha shamba lake kabla ya kulipwa. Uhakiki ule ulifanywa na watu, kwa miguu yao na kwa karatasi, na bado kuna waliongoja miezi. Kwa nini? Kwa sababu waliokuwa wamesimama shambani na mkulima, wakiona mikorosho kwa macho yao, hawakuwa na uamuzi. Uamuzi ulikuwa mbali. Kwa hiyo tatizo ninalolisema ni la zamani kuliko kompyuta. Kompyuta imelifanya kuwa la haraka na la kimya zaidi: mwaka 2018 ulijua kuna tume inakuja, sasa unajua tu kwamba ujumbe haujaingia kwenye simu.

Na ujumbe wenyewe unategemea waya. Mei 2024 tulifundishwa mara mbili ndani ya siku nane. Kimbunga Hidaya kiliingia pwani yetu tarehe 4 Mei, maji yakakata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote. Tarehe 12 Mei nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima intaneti ikawa ya kusuasua. Barabara iliporudi ilirudi kwa kazi ya mafundi waliolala pale. Tuliwaona, tuliwapelekea hata maji. Waya ulio chini ya bahari hatuwezi kuupelekea chochote. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na siku zikapita kabla haijarudi. Sitaingia kwenye siasa ya jambo hilo katika barua hii. Nasema kama mkulima: Oktoba ni mwezi wa korosho. Mkiwa mmetuwekea mnada, malipo, usajili na pembejeo kwenye mtandao, basi kuuzima mtandao ni kufunga ghala, na atakayeamua kuuzima ajue kwamba amefunga na ghala.

Sasa nachoomba.

Naomba awepo mtu mwenye mamlaka ya kusahihisha, na awe katika kata. Afisa ugani, afisa ushirika, mtendaji, yeyote mtakayemchagua. Cheo si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba awe na uwezo wa kufungua kumbukumbu ya mkulima, kuona kosa, kulisahihisha mbele ya mkulima na mashahidi wawili wanaomjua, kuweka sahihi yake, na kosa liwe limekwisha. Akisahihisha kwa hila, sahihi yake ipo, ashtakiwe. Mtasema mamlaka yakishuka chini wizi utaongezeka, wakulima hewa watarudi. Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho na wasiwasi huo naujua; majina ya marehemu niliyaona kwenye orodha kwa macho yangu. Lakini mkulima hewa hutengenezwa na watu wanaojua mifumo, hatengenezwi na bibi anayekuja na stakabadhi mkononi. Na kijijini ndiko mahali pekee ambapo mtu hewa hawezi kujificha, kwa kuwa kila mtu anajua shamba la kila mtu linaishia mti gani.

Naomba pia stakabadhi ya karatasi iwe na nguvu yake kamili. Ikiwa mkulima anayo, ina kilo, daraja, tarehe na mhuri, na mfumo unasema hana kitu, basi mfumo ndio utafute kosa lake huku mkulima analipwa. Leo ni kinyume: mkulima ndiye anayekwenda na kurudi kuthibitisha kwamba yupo. Wekeni siku. Mimi ningesema saba. Zikipita siku saba bila kosa kupatiwa jibu, deni lilipwe kwanza, maswali yafuate.

Kwa wasio na alama za vidole, na kwenye wilaya za wabanguaji si wachache, kiwekwe kipengele kinachojulikana wazi kila mahali panapotumika mashine ya vidole. Picha ya uso, mashahidi, barua ya mtendaji, vyote vinafaa. Kisibaki kuwa fadhila ya kijana mwenye huruma, kwa sababu huruma yake ndiyo iliyotufikisha kwenye laini yenye jina la mpwa wangu.

Ujumbe unaokataa utaje sababu, kwa Kiswahili cha kueleweka. "Jina lako kwenye daftari la wakulima linatofautiana na jina la benki, nenda kwa afisa wa kata ukiwa na kitambulisho." Maneno kama hayo yangempunguzia mama safari tatu za mjini. Ni sentensi moja, na gharama yake ni ndogo kuliko nauli zake.

Mtandao ukizimika, kwa dhoruba au kwa amri, tarehe zote za mwisho zisimame hapohapo mpaka urudi.

Haya mengi yana mizizi kwenye sheria yenu wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi unaomuathiri sana ambao umefanywa na mashine peke yake. Niliposoma hapo nilisimama nikarudia kusoma. Mama yangu alikuwa na haki hiyo siku aliyosimama dirishani. Hakuna aliyeijua, si yeye, si binti wa zamu, na mimi niliyekuwa karani misimu minne sikuijua. Pelekeni haki hiyo mezani kwa vyama vya msingi, ibandikwe ukutani karibu na bei.

Nalisema hili sasa kwa sababu nasikia mipango inayokuja. Mnazungumza kuhusu akili mnemba kwenye kilimo: simu ipige picha ya jani itambue ugonjwa, mavuno yakadiriwe kabla hayajaokotwa. Nayapokea kwa furaha. Kama simu ingeweza kuniambia ubwiriunga umeanza siku tatu kabla jicho langu halijauona, ningejua lini nianze kupuliza salfa na ningeokoa maua mengi. Mashine ya kunishauri shambani naikaribisha leo. Ila mashine itakayoamua nani ni mkulima na nani ni hewa, nani alipwe na nani asubiri, isije huku kabla ya mtu wa kuisahihisha. Kwa mashine ya aina hiyo hata wale walioitengeneza mara nyingi hushindwa kueleza kwa nini imekataa. Binti wa dirishani ataeleza nini?

Najua mnaweza kusikia, kwa kuwa mmewahi. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, nchi nzima ilipiga kelele, na hazikupita wiki nyingi ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Mei 2023 mlisaini mikataba ya minara 758 kwa ajili ya kata 713, na ninashukuru kwa kila mnara uliosimama. Mnara unaleta mawimbi hadi kijijini. Ninachoomba ni kwamba mamlaka nayo yafike umbali huohuo.

Wengine wataandika kuhusu viwanda vya kubangua, kwa nini korosho zetu nyingi bado zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda Vietnam na India, na hilo ni jambo kubwa kuliko langu. Langu ni dogo na linaweza kumalizwa kabla ya Oktoba bila kujenga kitu. Linahitaji waraka mmoja na mtu mmoja kwa kila kata.

Mama bado anabangua. Msimu huu tumemrekebishia herufi yake, baada ya safari mbili mjini, lakini laini bado ni ya mpwa wangu kwa sababu vidole havijabadilika. Madaftari yangu ya misimu minne ninayo, yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni yasiliwe na mchwa. Pembeni mwa kila jina lililopata shida niliandika shida ilikuwa nini na ilichukua siku ngapi kwisha. Mkimtuma afisa yeyote, hata kijana aliyeajiriwa jana, nitaketi naye tupitie jina kwa jina. Aje na kompyuta yake. Sisi tuna meza, na kwa sasa umeme upo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na karani wa zamani wa chama cha msingi,
Newala, Mtwara